Ua Lisiloheshimu Ua

Kiswahili kina neno dogo lenye maana mbili. Ua ni kile kinachochanua mtini, na ua ni uwanja wa nyumba pamoja na wigo wake. La kwanza wingi wake ni maua, la pili wingi wake ni nyua. Walimu wetu wa sarufi hulitumia neno hili kutufundisha ngeli. Mimi nitalitumia kuanzisha ugomvi. Upo mti ambao ni ua kwa maana ya kwanza na ni adui wa ua kwa maana ya pili. Ninasema usipandwe mbele ya nyumba, Gitega wala Muyinga, na aliyekwisha kuupanda aukate kabla maganda yake hayajakauka. Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasomaji, wakiwemo rafiki zangu wawili wenye miche yao barazani. Na waudhike, lakini wasome mpaka mwisho.

Mti wenyewe ni mimoza. Sisi Warundi tunauita hivyo kwa kufuata Kifaransa. Kule Njombe, kusini mwa Tanzania, jamaa zake huitwa miwati. Ninauzungumzia ule mdogo unaopandwa kwa pambo, wenye majani laini kama manyoya, mengine ya rangi ya fedha, na maua ya manjano ya mviringo kama vifaranga wa siku moja. Tangu Gitega itangazwe kuwa makao makuu ya kisiasa ya nchi, mwishoni mwa mwaka 2018, watu wamejenga, na aliyejenga hutaka mbele ya nyumba pawe na kitu cha kumvutia mgeni. Mimoza humfaa sana mtu mwenye haraka. Ukiupanda leo, baada ya miaka miwili au mitatu unachanua. Mwembe hautakufanyia hivyo.

Siukatai uzuri wake. Italia, kila tarehe 8 Machi, wanawake hupewa vitawi vya mimoza, desturi iliyoanza mwaka 1946. Kusini mwa Ufaransa, mji wa Mandelieu-la-Napoule una sherehe ya mimoza kila mwaka. Australia, ambako miti hii inatoka, mmoja wao umekuwa ua rasmi la taifa tangu mwaka 1988, na tarehe 1 Septemba ni siku yake. Mti unaopendwa na mataifa matatu hauwezi kuwa mbaya wa sura. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Swali langu ni la ndani ya mkakasi.

Tuanzie kitaluni. Kando ya barabara wapo vijana wanaouza miche ndani ya viriba, kazi halali na ya jasho. Muulize mmoja wao: huu ni mti gani? Atakujibu: mimoza. Mimoza ipi? Mimoza ya maua. Hapo ndipo maelezo yanapoishia. Ukweli ni kwamba nasaba ya miti hii ina aina zaidi ya 900, na mche wa muwati mweusi unaopandwa mashambani kwa magome na kuni unaweza kufanana kabisa na mche wa muwati wa pambo unapokuwa na urefu wa shubiri moja. Wote wawili wana majani ya manyoya. Tofauti zitaonekana baadaye, wakati mti umekwisha kuwa mkubwa kuliko nyumba. Muwati mweusi uko katika orodha ya shirika la IUCN ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Kwa hiyo mtu analipa faranga zake, anafurahi, na hajui kama amenunua ua au amenunua kesi.

Sasa mbegu. Wanaojua kuotesha mimoza watakwambia siri yake: mbegu ina ganda gumu, ukiitia udongoni hivi hivi inaweza kukaa bila kuota. Sharti uimwagie maji ya moto, uiache ilale humo usiku kucha, ndipo ivimbe na kuamka. Watu husimulia jambo hili kama ufundi wa bustani. Mimi naliona kama onyo. Mbegu inayongoja maji ya moto ndiyo mbegu inayoweza kungoja. Mbegu za muwati mweusi zinaweza kulala ardhini miaka 50 zikiwa hai. Tuhesabu. Mtu wa umri wangu akipanda leo, akaukata mti akiwa na miaka 30, mbegu zilizodondoka bado zitakuwa zikiota yeye akiwa mzee wa fimbo. Na mti wenyewe si wa kudumu. Wengi hufa ndani ya miaka 20 hivi, na mizizi yake haiendi chini sana, hivyo upepo mkali huuangusha. Mti unaondoka mapema, deni linabaki.

Na kinachoziamsha mbegu hizi porini, mahali pasipo birika la maji ya moto, ni moto wenyewe. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la Burundi. Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, tunaiona milima yetu ikifuka moshi. Wengine huchoma majani makavu kabla ya kulima, wengine huchoma ili nyasi changa ziote kwa ng'ombe, wengine moto huwatoroka tu. Katika nchi yenye mazoea hayo, kupanda mti ambao mbegu zake huamshwa na moto ni sawa na kumwekea mwizi ngazi ukutani. Moto unaoua miche ya miti mingine unaiita miche ya muwati itoke.

Mtu atasema: mimoza wangu uko uani, nimeuzungushia wigo, hauendi popote. Tutazame mahali maji ya uani kwake yanapokwenda. Mvua ya Gitega haikai Gitega. Inashuka mitaroni, inaingia mabondeni, inafika mto Ruvyironza, nao Ruvyironza unamwaga katika Ruvubu. Ruvubu unakwenda kaskazini mashariki, unapita Karuzi, unapita Muyinga na Cankuzo katikati ya hifadhi ya taifa inayobeba jina lake, kisha unaingia Tanzania na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kagera nao unamwaga Ziwa Viktoria. Maganda ya muwati hupenda safari ya maji. Katika nchi zilizoathirika miti hii husambaa kwanza kufuata kingo za mito. Kwa hiyo ua wa nyumba ya Gitega, kwa macho ya mbegu, unaishia Muyinga, na hata huko hauishii.

Hifadhi ya Ruvubu ilianzishwa mwaka 1980. Ina eneo la hekta zaidi ya 50,000, na ndiyo kubwa kuliko zote nchini. Wanamoishi nyati, viboko na swala ni savana: nyasi, migunga, vichaka, na moto wa kiangazi. Yaani makao ambayo muwati ungeyachagua kama ungeulizwa. Nchi yetu ina kilomita za mraba 27,834 tu, na sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu milioni 8. Tangu wakati huo tumeongezeka sana. Hatuna savana ya akiba mahali pengine. Ile ikijaa miwati, hakuna tutakapohamia, wala nyati hawatakuwa na pa kuhamia.

Nisizungumze kama mtu wa vitabu tu. Kwetu ni Muyinga. Bibi yangu ana shamba la maharage ambalo ukilipima kwa hatua zangu ni 40 kwa 25. Juu yake kuna nyumba yenye miti miwili ya mimoza, ya jirani mwema ambaye hatuna ugomvi naye. Kila msimu wa mvua bibi anapalilia mara mbili: mara ya kwanza magugu, mara ya pili watoto wa mimoza. Wakiwa wachanga wanang'oka kwa vidole. Ukichelewa mwezi mmoja unahitaji jembe. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, kwa nini usimwambie?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, nimwambie nini? Kwamba maua yake ni mazuri lakini yananichosha? Atasema nina kijicho." Akaendelea kung'oa. Kila mwaka mistari michache ya juu ya shamba, iliyo karibu na wigo wa minyaa, inakosa kupandwa kwa sababu mgongo umechoka. Mistari michache ya maharage, kwa aliye na ardhi ya kutosha, si kitu. Kwa shamba la hatua 40 ni chakula cha siku kadhaa. Na katika nchi ambayo ndugu hushtakiana kwa sababu ya kipande cha ardhi cha upana wa mkeka, mti unaovuka mpaka ni mti unaovuka mpaka, hata ukiwa umevaa maua.

Kama mfano wa bibi yangu ni mdogo, chukueni mkubwa. Afrika Kusini waliipokea miwati katika karne ya 19, wakaipanda kwa magome yake ambayo hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Ikapata soko, ikapata viwanda, na bado vipo. Lakini ikatoka mashambani, ikashuka mitoni, ikanywa maji ambayo watu waliyahitaji. Mwaka 1995 serikali ya Nelson Mandela, waziri wa maji akiwa Kader Asmal, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuajiri watu maskini ili wakate na kung'oa miti vamizi kwenye vyanzo vya maji. Wamekata tangu hapo, na kazi haijaisha. Walifikia hatua ya kuagiza wadudu kutoka Australia waje kula maua na mbegu, kwa kuwa huku Afrika mti ulikuja peke yake, ukawaacha nyuma wale waliokuwa wakiupunguza kwao. Lile ua la taifa la Australia nililolitaja, huko Afrika Kusini ni gugu linalotafutiwa dawa. Nchi yenye fedha nyingi kuliko yetu imeshindwa kuumaliza mti huu kwa zaidi ya robo karne. Sisi tutautoa kwa fedha ipi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hatuna matofali yake.

Nimesikia majibu manne, na nitayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza: watu wanahitaji kuni. Ni kweli, karibu kila nyumba nchini inapikia kuni au makaa, na kuni za muwati ni nzuri, zinashika moto vizuri. Njombe, kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 ilitegemea mti huu, na nyanda za Eldoret nchini Kenya nazo zilikuwa na mashamba yake na kiwanda cha tanini. Siwabezi watu hao. Lakini angalieni tofauti. Muwati wa shamba una kazi, una mwenyewe, na una siku ya kukatwa: ukifika miaka minane hadi kumi unaangushwa, unamenywa magome, unachomwa makaa. Mimoza wa uani hakuna anayeukata, kwa sababu ni pambo. Unachanua mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, na kila mwaka unamwaga mbegu. Kwa hiyo ule tunaouona hauna madhara, kwa kuwa ni mdogo na mzuri, ndio unaoachwa uzae mpaka uchoke. Anayetaka kuni apande kuni, azikate. Hoja ya kuni haimwokoi mwenye maua.

La pili: mimoza hurutubisha udongo. Hili nalo ni kweli. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Lakini hata maharage ya bibi yangu hufanya hivyo, na yanaliwa. Miti mingine ya kwetu ya jamii hiyo ya mikunde hufanya hivyo pia, na mmoja wao nitautaja punde. Mtu hawezi kusifiwa kwa kuleta chumvi katika nyumba yenye chumvi.

La tatu ni zito zaidi, na mwenzangu mmoja wa darasani alinirushia hadharani. Alisema: "Ndugu, usituletee siasa ya wageni na wenyeji. Mahindi, maharage na mihogo vimetoka Amerika. Ndizi zimetoka Asia. Kahawa ya Muyinga asili yake Ethiopia. Ukifukuza wageni utakula nini?" Watu wakacheka, na alistahili kuchekewa vizuri, maana amesema kweli.

Nami nina sababu yangu ya kulichukua jibu hili kwa uzito. Nilizaliwa kambini, Ngara, ng'ambo ya mpaka. Kiswahili changu nilikipata huko kabla sijajua kusoma. Tuliporudi kupitia Kobero, watoto wa kilimani kwetu walituita Watanzania, na haikuwa sifa. Neno mgeni limekwisha kunichoma, silitumii ovyo. Ndiyo maana sikubali mtu ayalinganishe mambo haya. Mtu akivuka mpaka huzungumza, huomba, hukubaliana na jirani, hulipa, hulima. Mti hauna mashauri. Na kosa la mimoza si kuzaliwa Australia. Mgrevilea nao umezaliwa Australia, na umo katikati ya kahawa na maharage yetu, watu wanaukata matawi wanapikia, wanapasua mbao, na sijauandikia hata mstari mmoja wa lawama. Bogenvilia imetoka Amerika ya Kusini, inapamba kuta za nyumba, na haijanifuata shambani. Muhindi usipopandwa na mtu hauoti. Kipimo changu kwa hiyo hakihusu mahali mti ulipotoka. Ninauliza jambo moja: ukiuacha peke yake, unakaa ulipowekwa? Mgomba unakaa. Muhogo unakaa. Mimoza haukai.

La nne: uzuri ni haki. Hapa sina ubishi, na ninataka niliseme kwa sauti, kwa sababu wapo wanaopinga mimoza kwa hoja mbaya kwamba mti usioliwa ni upuuzi. Wanasema maskini hana haja ya maua. Uongo huo! Bibi yangu, mwenye shamba la hatua 40, ana kopo la mafuta ya kupikia alilolijaza udongo, na ndani yake kuna ua. Hakuna aliyemfundisha. Maskini ana macho kama tajiri. Ninachokataa ni kwamba uzuri wa mtu mmoja ulipiwe na mgongo wa mwingine. Na ninachokataa zaidi ni dhana iliyo nyuma ya pambo hili: kwamba kizuri ni lazima kitoke mbali, na kwamba milima yetu haina ua la kuweka mbele ya nyumba ya heshima.

Haina? Upo umurinzi. Wasiojua Kirundi wasikilize: kurinda ni kulinda, na umurinzi ni mlinzi. Ni mti mdogo, magome yake mazito yenye miiba, na wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, unawasha maua mekundu kama makaa juu ya matawi matupu. Ndege wa chozi huja kunywa asali yake. Ni wa jamii ya mikunde, kwa hiyo unarutubisha udongo bila kuomba sifa. Hauhitaji kitalu wala maji ya moto. Mvua za kwanza zikinyesha, kata tawi nene kama mkono, liache kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, kisha lichomeke ardhini. Tawi hilo likishika linakuwa mti na linakuwa wigo, ua kwa maana zote mbili. Tahadhari yake ni moja: mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, watoto wasizitafune.

Anayetaka manjano, asilie. Upo umusave, wenye maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, na nguzo zake zimejenga nyumba nyingi kabla ya saruji kufika. Mwenye uwanja mkubwa ana umuvugangoma, wenye maua meupe yanayopendwa na nyuki. Jina lake linajieleza: ni mti unaoifanya ngoma iseme. Ngoma za Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, huchongwa kutoka mti huo. Mwaka 2014 UNESCO iliuandika mchezo wa ngoma zetu za kifalme katika urithi wa utamaduni wa dunia, na tulishangilia. Lakini tuliposhangilia ngoma, nani aliupanda mti? Katika mji wenye ngoma mashuhuri hivi, mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi akijua kuuonyesha mimoza kwa kidole, na asijue ngoma imetoka mti gani.

Najua kwa nini umurinzi umeachwa. Zamani, ibada ya kubandwa ilifanyiwa chini yake, watu wakimwita Kiranga. Dini zilipokuja, mti uliwekwa katika fungu moja na ibada. Mpaka leo ukipendekeza umurinzi, Mkristo atakutazama kwa shaka, na Mwislamu wa Muyinga atakuuliza kama umeanza ushirikina. Nawajibu wote kwa heshima: ibada ilifanywa na watu. Mti ulikuwa umesimama tu. Kama kivuli kingekuwa na dhambi ya waliokaa chini yake, tungekata miti yote ya nchi hii, maana chini ya miti mingapi watu hawakusemana uongo au kupanga ubaya? Aliyeumba mimoza ndiye aliyeumba umurinzi. Kumwogopa mlinzi wa nyumbani na kumkaribisha asiyejulikana jina, huo sioni kama ni uchaji.

Na tukizembea, hata majina huondoka. Kwa miaka 250 wataalamu wa mimea waliiita migunga ya Afrika kwa jina la Acacia, jina ambalo Philip Miller alilichapisha mwaka 1754 na ambalo Wagiriki walikuwa wakiliita mti wa miiba wa Misri. Mwaka 2005, katika mkutano wa Vienna, iliamuliwa kwamba jina hilo libaki na miti ya Australia, na mwaka 2011 mkutano wa Melbourne ukathibitisha. Migunga yetu sasa inaitwa Vachellia na Senegalia. Waliotetea uamuzi huo walikuwa na sababu: miti ya Australia ni mingi zaidi, na kubadilisha majina yake kungeleta vurugu kubwa. Sababu ni ya kweli. Lakini funzo kwetu ni kwamba walioijali miti yao walifika mkutanoni na vitabu vyao. Jina limekwenda. Tusiongezee kwa kuwapa na uwanja.

Sisemi maneno matupu. Ninadai mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya wiki hii. Mwenye mimoza uani aukate kabla maganda hayajakauka na kupasuka. Aukate usawa wa ardhi, na arudi kuukagua, maana baadhi ya aina huchipua tena kutoka mizizini. Maganda yasitupwe mtaroni, na mahali pale pasichomwe moto. Mvua zikianza, miche inayojitokeza ing'olewe kwa mkono ikiwa michanga, na aliyepanda mti ndiye aende kung'oa hata ile iliyoota kwa jirani. Hilo la mwisho ndilo adabu yenyewe. Vijana wa vitalu nao wauze umurinzi na umusave, tukinunua, watauza. Na shule na vyuo, ambavyo viwanja vyake ni vikubwa kuliko nyua zetu, viache kupanda kitu ambacho havikijui jina.

Mwaka 2018 serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti ulioitwa Ewe Burundi Urambaye. Maana yake ni kuitakia nchi ivae, ivalie miti milima iliyo uchi. Ni neno zuri kuliko hotuba nyingi. Lakini nguo huchaguliwa. Mtu haokoti vazi lolote barabarani kwa sababu tu yu uchi, maana mengine yana upupu. Enzi za Wabelgiji babu zetu waliamriwa wapande nini kwenye vilele vya milima, wakapanda mikaratusi. Sisi hakuna anayetuamrisha. Tukichagua vibaya, tumechagua wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakaposimama kitaluni na mche mkononi, muulize muuzaji maswali matatu. Mti huu jina lake kamili ni lipi? Mbegu zake huishi ardhini miaka mingapi? Na zikiota nje ya wigo wangu, nani atazing'oa? Akishindwa la kwanza na la pili, usishangae, wengi hushindwa. La tatu usimngoje ajibu. Tazama upande wa chini wa kilima, uone ni shamba la nani.